Kofia ya Kilwa na Uzi Wangu

Nadège, na wewe Trésor, sindano zangu nimewaachia kwenye kopo la biskuti, rafu ya pili, nyuma ya dawa ya nondo. Mikasi msiikatie karatasi. Ile taa ya zambarau ina tabia ya kuzimika ukiigeuza kushoto. Ipigeni kofi dogo, itawaka. Hayo ndiyo niliyokusudia kuwaandikia, nusu ukurasa tu, kisha niende zangu nikapumzishe miguu. Lakini siku yangu ya mwisho kazini Nadège aliniuliza mbona kila gari likisimama nje ya lango naacha kushona na kushika meza kwa mikono miwili. Nikamjibu ovyo kwamba ni uzee. Nilidanganya, mwanangu. Ni woga. Nimeogopa kazini miaka yangu yote, na mara moja woga wangu ulimfungisha mtu asiye na kosa. Afadhali mlisikie jambo hilo kwangu kuliko kwa jirani.

Nitaandika Kiswahili cha masista walionifundisha shule, maana kingine sijui kukiandika. Lakini watu wakisema, nitawaacha waseme Kiswahili chetu cha hapa Lubumbashi, ambamo 'ndiyo' ni 'njo' na 'au' ni 'ao'. Viye Mwepu, mzee aliyenifundisha kazi, akisema kama padri, mtafikiri ni mtu mwingine.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alishuka kutoka kaskazini na gari moshi, akapata kazi, akapata kofia, na nyumbani kwetu kile kilichoheshimiwa zaidi ya baba mwenyewe kilikuwa kofia yake. Ilining'inia kwenye msumari juu ya picha ya Bikira Maria. Nilipomaliza shule baba alinishika mkono akanipeleka mtaa wa Kamalondo, kwa mzee aliyeishona. Huyo ndiye Viye Mwepu; Viye ndivyo tunavyowaita wazee. Alishonea fanfari, bendi za tarumbeta za parokia, walinzi wa benki, wakuu wa stesheni, na zamani sana, akiwa kijana, alishonea askari wa Wabelgiji. Atelie yake ilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili na vichwa vya mbao saba. Vile vichwa havikuwa na macho, na mimi siku ya kwanza niliviogopa.

Hakuniuliza kama najua kushona. Alinipa kofia kuukuu, ngumu, yenye ulimi wa ngozi mbele.

"Nusa," akasema.

"Ninuse nini, Viye?"

"Nusa mule ndani. Muntu akivaa kofia miaka kumi, inajua bintu byake byote."

Nikanusa. Jasho, mafuta ya nywele, moshi wa makaa, na kitu kama sarafu. Akanipa ya pili. Hii ilinukia chai.

"Na iyi, nani aliivaa?"

Nikasema sijui.

"Sufuria," akasema. "Iyi haikuvaliwa na muntu. Ilivaliwa na sufuria."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanieleza kwamba wako watu wanaoshona kofia leo, wanaichemsha kwenye chai ili izeeke, wanaizika kwenye udongo wiki mbili, kisha wanamuuzia mzungu au mtu wa Kinshasa kama kofia ya vita. Hapo ndipo nilipoanza kazi hii, ingawa mimi nilifikiri nimekwenda kujifunza kushona.

Nilipochukua sindano aliona mkono wangu. Mimi ni wa kushoto; masista walijaribu kunitoa huko kwa fimbo, wakachoka. Viye alinitazama, nikajua nafukuzwa. "Basi," akasema, "mushono yako italala upande ingine. Ni muzuri. Kosa ikionekana, tutajua ni ya nani."

Alikuwa na desturi moja ambayo hakumwachia mtu yeyote aichezee. Ndani ya kofia kuna mkanda wa ngozi unaozunguka kichwa, ule tunaouita mkanda wa jasho. Fundi akitengeneza kofia ya zamani, kabla ya kushona mkanda kurudi mahali pake, anaweka nyuma yake kikaratasi: jina lake, mwezi, na kitu alichobadilisha. Anaandika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino unayeyuka na jasho. "Fundi mwenye kuya nyuma yetu asidanganyike," alikuwa akisema. Kila jioni aliniuliza swali lile lile, huku amekwishavaa koti lake: "Umeweka karatasi?" Nami najibu, "Ndiyo, Viye."

Sasa niwaambie kuhusu woga, maana ninyi mmekuta mambo yametulia kidogo. Ulikuja wakati mbaya mjini. Walikuwapo watu wenye yunifomu tuliowajua na watu wenye yunifomu tusiowajua, na wote walipiga mlango kwa namna moja. Mtu akikutwa na kitu cha jeshi nyumbani, iwe mkanda, iwe kifungo, anaulizwa amekitoa wapi, na jibu lolote ni baya. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alichukuliwa kwa sababu ya suruali moja ya kaki. Alirudi baada ya wiki mbili, akauza cherehani yake, akawa anauza mkate. Nilinunua mkate kwake mpaka alipofariki na sikuwahi kumsikia akitaja nguo. Viye aliacha kupokea kofia za askari wa siku zile, lakini za mababu hakuzikataa. Alisema wafu hawana kosa. Mimi niliona ni rahisi kwake kusema hivyo, kwa sababu meza yake ilikuwa ndani na yangu ilikuwa karibu na mlango.

Wakati ule ule nilishona kofia moja bila kuweka karatasi. Moja tu. Nikamjibu Viye, "Ndiyo," naye akafunga mlango tukaenda. Nitairudia.

Viye alipokufa tulimweka jenezani, kofia ya fanfari juu yake, na vichwa vya mbao vikagawanywa kwa wajukuu. Mimi nikachukuliwa na Dokta wa Karavia, huyu huyu mnayemfanyia kazi. Siku zile bado alikuwa anatibu watu, na kofia za zamani za jeshi alizikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Alikuwa na karatasi za ruhusa zenye mihuri mitatu. Karatasi zilikaa kabatini kwake Karavia. Mimi nilikuwa barabarani na kofia.

Nilizibeba kutoka kwa wauzaji mpaka kwake kwenye beseni, chini ya sombe, yaani kisamvu. Majani mabichi juu, kofia chini, beseni kichwani. Siku moja kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari mmoja akaniita. Akauliza sombe ni ya wapi, nikasema ya shambani. Akaingiza mkono. Niliusikia mkono wake ukitembea mle ndani juu ya kichwa changu, majani yakikwaruza, na chini ya majani kofia tatu. Nilianza Salamu Maria, nikasahau inavyoendelea. Akatoa fungu moja la juu, akalinusa, akasema, "Aksanti, mama," akaenda nalo. Sikutoa sauti mpaka Karavia. Dokta alipopokea kofia akaniuliza, "Alphonsine, mbona zimeloa?" Ningempiga beseni. Mpaka leo kofia tatu za rafu ya kati zinanukia sombe kidogo. Mkisikia, msiziandike kuwa ni za uongo.

Mengine mnayajua, lakini niyaseme hata hivyo. Uzi wa pamba ukiuchoma unaacha majivu laini na unanuka karatasi. Nailoni inayeyuka, inafanya kishanga cheusi kigumu. Taa ya zambarau ni ile ile ya wanaobadilisha dola: nyuzi za siku hizi zinang'aa buluu chini yake, za zamani zinabaki zimelala. Lakini jihadharini, kofia ya zamani iliyofuliwa na sabuni ya unga nayo itang'aa, na nimewahi kumwona mtu mwenye shahada ya chuo kikuu cha kule Kasapa akiitupa kofia ya kweli kwa sababu hiyo. Nondo anakula kwa kutangatanga, anaacha hapa anaanza pale. Tundu lililotobolewa kwa sigara lina kingo ngumu. Jasho linakaa zaidi kwenye paji la uso kuliko kisogoni. Kwenye ulimi wa mbele, ngozi inachakaa pale kidole gumba kinaposhika wakati wa kuvua. Mwigaji anachakaza kila mahali sawasawa, kwa sababu hajawahi kumsalimia mtu kwa kofia ile.

Tena mwigaji ana hadithi. Nayo hadithi yake, miaka hii yote, ilikuwa Kilwa, hii yetu ya kaskazini kando ya ziwa, si ile ya pwani. "Mama, iyi inatoka Kilwa, ku ziwa, ilikuwa mu sanduku ya muzee." Kwa nini Kilwa? Kwa sababu ni mbali, barabara ni mbaya, na hakuna atakayekwenda kuuliza. Nilisikia Kilwa mara nyingi sana hata neno lenyewe likawa kwangu ni ushahidi. Kofia ikitoka Kilwa, nilianza kutafuta chai kabla sijaishika. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nililifanya miaka mingi bila kuumia.

Sasa nije kwenye mwaka jana.

Lilikuja gari likasimama nje ya lango. Mlikuwapo ninyi wawili. Alishuka askari mmoja na barua: ofisi yao inamtaka mtu wa Dokta anayejua kofia. Dokta, na miguu yake ile mibovu, akasema, "Enda, Alphonsine, ni dakika kumi tu." Njia nzima nilikaa nyuma ya gari nimeshika mkoba wenye taa na kiberiti, na nilichokuwa nawaza ni yule fundi wa mkate.

Ofisini palikuwa na Komanda nyuma ya meza, na kofia juu ya meza, na kijana wa kiume wa miaka thelathini hivi amekaa chini kando ya ukuta, miguu mitupu. Mkanda walikuwa wamemvua, akawa ameishika suruali kwa mkono. Walimkamata kwenye bariere akitoka njia ya kaskazini, kofia ikiwa kwenye begi. Jina lake Deo. Alikuwa anaileta kwa Dokta, kwetu, kuionyesha.

"Mama, njo weye unajua bikofia?" Komanda akauliza.

"Ndiyo, Komanda. Kidogo."

"Kidogo, ao unajua?"

"Najua."

"Basi sikia. Kama iko ya zamani, ni ukumbusho, huyu aende kwabo leo. Kama iko ya sasa, atatuambia ni nani anabashonea bantu ba mu pori. Na atakaa mpaka aseme."

Yule kijana akainua kichwa. "Mama, ni ya nkambo yangu, baba ya baba. Nkambo alikuwa anapigaka turumpeti ya Babelgiji. Ilikuwa mu sanduku, kwetu Kilwa."

Mnaona? Alisema Kilwa. Nilisikia moyo wangu ukifunga mlango.

Nilichukua kofia. Nikanusa: jasho la kale, moshi, ile harufu ya sarafu. Pua iliniambia ni ya kweli. Ulimi wa mbele ulikuwa umechakaa pale pale kwa kidole gumba. Nikaomba ruhusa nifungue mkanda wa jasho nione nyuma yake. Komanda akakataa: "Usifungue kintu. Ni ushahidi iyo." Nikakuta ncha ya uzi imechomoza kwenye mkanda, nikaikata, nusu nikaiweka kwenye daftari langu kama kawaida, nusu nikaichoma. Kishanga cheusi. Nikawasha taa. Mshono wote wa mkanda uling'aa buluu.

Kitambaa kilisema zamani, uzi ulisema sasa. Fundi akikuta hivyo anatakiwa kusema neno moja: sijui. Viye alilisema kila wiki, tena mbele ya wateja, wala hakupungukiwa na kitu. Lakini Komanda alikuwa anagonga kalamu mezani, tik, tik, na nilikuwa nimekwishamwambia najua.

"Mama, ya zamani ao ya sasa?"

"Uzi ni wa sasa, Komanda."

"Kwa hiyo ni ya sasa."

"Uzi ni wa sasa," nikarudia, polepole, kana kwamba kurudia kunanitoa mle ndani. Akaandika alichotaka. Nikaona anachoandika. Nikatia sahihi.

"Mama," Deo akasema, "angalia tena. Tafazali, angalia tena mara moja."

Hata sikumtazama, nikaaga. Nyumbani nilikula, nikalala vizuri, Mungu anisamehe. Nililala kama mtu aliyeponea chupuchupu, kwa sababu gari lilikuwa limenirudisha.

Siku kumi na tisa zilipita. Nadège, wewe unakumbuka asubuhi ile. Ulikuwa unajaza daftari, ukipanga vipande vya nyuzi kwa rangi, ukaja kwangu na ukurasa wazi.

"Mama Alphonsine, iyi uzi ya kofia ya yule wa Kilwa si njo ile ya bobini yako?"

Nikakwambia acha mchezo. Ukachukua bobini ya kijani, ile ninayoitunza tangu Kamalondo, kutoka kwenye kopo la biskuti, ukaiweka kando ya kile kipande, ukawasha taa. Zikang'aa sawa. Rangi ile ile, msokoto ule ule. Nilikutuma dukani ukanunue chumvi, na hatukuhitaji chumvi. Nilitaka nikae peke yangu.

Maana nilikumbuka mshono. Ofisini niliuona ule mshono kwa macho yangu mawili na sikuusoma: ulilala upande mwingine. Upande wangu.

Kisha akanijia akilini mwanamke. Wakati ule mbaya, Kamalondo, mvua imenyesha, mama mmoja akaingia na kofia imefungwa kwenye kikwembe, kitenge cha kiunoni. Panya walikuwa wamekula mkanda wa jasho. Baba mkwe wake alikuwa amekufa huku mjini kwenye matibabu, na yule mama akataka kofia itengenezwe ikae juu ya jeneza kwenye misa. Ngozi hatukuwa nayo, uzi wa pamba haukupatikana popote, tulikuwa na ile nailoni ya kijani iliyotoka Zambia. Yule mama akavua mkoba wake begani akaumwaga mezani: leso, rozari, ufunguo. "Kata tu iyi, mama. Nkambo ya batoto asiende bila kofia." Ulikuwa mkoba wa kahawia wenye maua madogo yaliyobanwa kwenye ngozi. Nikakata, nikageuza maua yaelekee ndani yasionekane. Alinisimulia kwamba kesho kutwa anarudi kwao na kamyo, lori la mizigo. Kwao Kilwa. Aliniambia, nikasikia, nikasahau.

Nikachukua kalamu ya risasi niandike kikaratasi. Nimeandika "Alp", gari likasimama nje ya mlango. Niliacha kalamu. Nilishika meza kwa mikono miwili nikasikiliza. Breki, mlango wa gari, buti. Jina langu ndani ya kofia ya askari! Nilikitafuna kile kikaratasi, watoto wangu, nikakimeza. Kisha mlango ukafunguliwa.

Alikuwa muuza makaa, anauliza kama tunataka gunia.

Hata hivyo sikuandika kingine. Nilishona mkanda, nikampa yule mama kofia yake, akanibariki.

Mngependa niseme kwamba nilivaa viatu nikakimbia ofisini. Sikukimbia. Nilikaa siku mbili. Nilimwambia Dokta, akakunja uso, akafunga dirisha kabla ya kunijibu. "Alphonsine, acha. Ukisema ulishona, watakuja hapa. Wataanza kuhesabu kofia zangu moja moja. Watakuuliza umeshona ngapi, na utasema moja, nani atakuamini?" Alisema kweli. Naye aliogopa, na ni mzee. Siku mbili zile nilikuwa nainua kikombe cha chai nakirudisha. Yule kijana alikuwa kwenye kasho, mahabusu, kwa sababu ya uzi wangu, na mimi nilikuwa kitandani nahesabu sababu za kubaki kitandani.

Siku ya tatu nilivaa kikwembe changu cha Jumapili. Niliwaza wakinichukua, angalau nionekane mtu. Bobini niliiweka kwenye sidiria, wakitaka ushahidi.

"Mama wa bikofia," Komanda akasema aliponiona. "Kuna nini?"

"Nilikosea, Komanda."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu. Niko naogopa sana, lakini niache niseme nikingali na sauti." Na sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Ile kofia ni ya zamani. Mkanda wa ndani njo mupya, na mimi njo niliushona, ni miaka mingi. Usiniamini kwanza. Ilete hapa mezani, usinipe mimi. Nyuma ya mkanda, kwenye ngozi, kuna maua. Maua madogo, yamebanwa. Na upande wa kuume utakuta tundu mbili, palikuwa kifungo cha mkoba wa mwanamke. Kama hakuna, nifunge."

Akaniangalia. Akaagiza kofia iletwe. Alichukua wembe, akakata mishono mimi nikiwa nimesimama hatua tatu mbali, mikono nimeifunga nyuma kama mtoto wa shule. Mkanda ukafunguka. Akauinua, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Maua yalikuwa pale. Matundu mawili yalikuwa pale.

Nilidhani nitashukuru, badala yake nikaanza kuogopa upya, kwa sababu aliweka wembe chini taratibu sana.

"Kumbe njo weye unashonaka bikofia bya baaskari."

"Moja, Komanda. Iyi moja."

"Juu ya nini hukuandika jina? Sasa hivi umesema bafundi banaandikaka."

Sikuwa nimesema. Lakini alijua; labda naye babu yake alikuwa fundi, sikumuuliza. Na jibu likanitoka kabla sijalishika: "Juu niliogopa bantu kama weye."

Komanda akanionyesha kwa kidole mahali pa kukaa: chini, kando ya ukuta, pale pale alipokuwa amekaa Deo. Nikakaa. Nilikaa tangu saa nne mpaka jua likaondoka kwenye dirisha. Watu waliingia, wakatoka, hakuna aliyenisemesha. Nilijifunza ule ukuta wote. Una ufa unaoanza chini na kupinda kulia. Nikawaza kwamba yeye aliutazama ufa huu akinisubiri mimi niangalie mara ya pili.

Mwishowe Komanda akanipa karatasi na kalamu. "Andika byote. Na jina yako muzima."

Niliandika kwa mkono wa kushoto, ukurasa na robo. Jina langu niliandika lote, la ubatizo na la ukoo. Halikuwa zuri, herufi zilitambaa. Akasoma, akapiga muhuri, akasema niende. Deo aliachiwa kesho yake asubuhi. Jumlisheni wenyewe: kumi na tisa za kutojua, tatu za kujua. Zile za mwisho ndizo zinazoniamsha.

Wiki moja baadaye Deo alikuja langoni kwa Dokta. Trésor ulimfungulia wewe. Alikuwa amekonda na alikuwa na kofia kwenye mfuko wa plastiki, na barua yenye muhuri. Nilifurahi, siwafichi. Niliona Mungu amenipa nafasi. Nikamvutia kiti, hakukaa. Nikachukua uzi wa pamba, wa kweli, ule wa akiba yangu, nikashona mkanda ule ule wenye maua kurudi mahali pake, yeye amesimama ananitazama mikono. Nikaandika vikaratasi viwili. Kimoja cha siku ile ya mvua, nilichokuwa na deni nacho. Kingine cha siku hii. Nikaviweka nyuma ya ngozi, nikafunga fundo, nikampa kofia kwa mikono miwili.

Hakunyoosha mkono.

"Kaa nayo, Mama."

"Ni ya nkambo yako, baba. Mama yako alikata mkoba wake juu ya iyi kofia."

"Najua. Aliniambiaka." Akarudi nyuma hatua moja. "Bale ba ku bariere, sibaogopi tena. Kasho nayo nimeizoea. Ni weye niko naogopa. Niliona mama mwenye mikono ya fundi anaingia, nikasema, basi, nimepona. Na ulisema ile neno bila kuniangalia."

Akatuaga kwa heshima, hata Dokta alimsalimia pale barazani, akatoka. Mimi nilibaki nimeshika kofia. Maisha yangu yote nimeogopa watu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kuniogopa mimi.

Kofia iko rafu ya juu, upande wa dirisha, kwenye boksi lisilo na namba. Haiuzwi, haionyeshwi kwa wageni, Dokta anajua. Dawa ya nondo mbadilishe kila miezi mitatu. Akija Deo, au mtoto wake, mpeni bila kumwuliza karatasi, na msimwambie ninakaa wapi mpaka aulize mwenyewe.

Na ninyi mkikuta uzi unasema hivi na kitambaa kinasema vile, semeni hamjui, hata kama mtu anagonga kalamu. Mkitengeneza, wekeni kikaratasi. Gari likisimama nje wakati mnaandika, malizeni kwanza kuandika jina lenu, ndipo mwende mlangoni kuangalia ni nani.